Kiapo cha Jicho Tupu

Shaame Chumvi alisema ameuona mwezi, na kwa kuwa aliyesema ni Shaame Chumvi, watu wote waliokuwa juu ya paa la Jumba la Kamati waliamini papo hapo kwamba mwezi haupo.

Jina lake hasa ni Shaame Pandu, dalali wa mnada wa samaki. Chumvi alipewa na mji, kwa sababu hakuna habari iliyopita kinywani mwake ikatoka kama ilivyoingia. Changu wa kilo mbili akifika kwake huwa papa. Na jioni hii ya mwezi ishirini na tisa Ramadhani alikuja amechelewa kama kawaida yake, kilemba kimemshuka hadi puani, jua limekwisha kuzama na watu wamekwisha kufungua kwa tende na maji. Hakusalimia mtu. Alisukuma kilemba juu, akaangalia magharibi, akanyoosha kidole.

"Ule! Ule pale, juu ya mnara wa tatu! Mwembamba kama ukucha, pembe zimelalia kushoto. Jamani, mnangoja nini? Semeni takbiri!"

Hakuna aliyesema takbiri. Watu waliangalia kidole, wakaangalia anga, kisha wakaangaliana.

Daktari Zuwena Mngwali naye aliangalia, kokwa ya tende ingali mkononi. Aliona wekundu wa magharibi unaoanza kuiva kuwa kijivu, akaona ncha ya mnara wa tatu wa Shamba la Vioo. Juu ya ncha hiyo hapakuwa na kitu. Alikaza macho mpaka yakamuuma, na bado hapakuwa na kitu.

"Amelishwa huyu," sauti moja ilisema nyuma yake. "Wenye maduka ya nguo wanataka Idi iwe kesho, mizigo yao imeshushwa."

"Au amesoma hesabu," mwingine akajibu. "Pembe zinalalia wapi, hata mtoto wa madrasa anajua siku hizi."

Hesabu zilikuwapo kweli. Zilisema mwezi huenda ukaonekana na huenda usionekane, maneno ambayo mtu yeyote angeweza kuyasema bila hesabu. Picha nazo hazikufaa kitu. Tangu mashine zianze kutunga picha za mambo yasiyokuwapo, hakuna kadhi aliyekubali kuletewa picha ya mwezi, kwa maana picha haili kiapo. Kilichobaki ni jicho tupu la mtu mzima mwenye akili zake, na mkono wake juu ya msahafu.

Na kwa macho, Viooni walijiona hawana mpinzani. Walikuwa na desturi yao wakiiita kulisindikiza jua. Kabla ya magharibi wajumbe wa Kamati na wanaopanda nao paani hupanga mstari wakielekea Shambani, kwenye vioo vilivyoupa mji jina na umeme, wakalitumbulia jua macho bila kupepesa mpaka litumbukie lote. Miji mingine haithubutu. Miji mingine haikuchomwa sindano ya Stara. Hata wageni wa serikali walipokuja, walipandishwa paani waone jinsi watu wa Viooni wanavyolitazama jua usoni kama wanamtazama jirani.

Chini barabarani watoto walikuwa wakigonga makopo na kupiga kelele. "Mwezi! Mwezi!" Zuwena aliitambua sauti ya binti yake Raya ikizipita zote.

"Hebu nyamazeni nyie!" mjumbe mmoja aliwakaripia akiwa ameinama ukingoni. "Kila siku mwezi, mwezi!"

Wakati huo ndipo Zuwena alipoona jambo lililomkaa rohoni. Mkurugenzi wa Taasisi ya Macho, Bwana Twalib, alikuwa amesimama kando ya tangi la maji, mahali pake pa kila jioni, ambapo tangi humkinga na jua. Wengine wote walikuwa wakitangatanga angani kwa macho, wakitafuta huku na huku. Macho ya Twalib hayakutafuta. Yalikifuata kidole cha Shaame, yakafika mahali, yakatulia. Kisha aliinamisha uso haraka na kuanza kufuta miwani yake.

Maalim Faki Mshenga, mwenyekiti wa Kamati, aliinua mkono na minong'ono ikapungua. Alikuwa mtu mpole, lakini mpole aliyekwisha kuumwa na nyoka. Mwaka mmoja mtu aliapa ameuona mwezi, mji ukala Idi, na baadaye ikajulikana kwamba alichokiona ni mwako wa kioo uliomganda jichoni. Tangu hapo hakuna kiapo kilichopokewa kabla jicho la shahidi halijapimwa.

"Shaame, unaujua uzito wa hilo unalolisema?"

"Naujua, Maalim. Hili silitii chumvi."

Watu wakacheka. Maalim hakucheka. "Binti yangu Zuwena, mchukue ukampime. Fanya haraka, mwezi kama upo hautatungoja."

*

Chumba cha kupimia kilikuwa stoo ya mikeka, nyuma ya ngazi. Zuwena alimkalisha Shaame kwenye kigoda, akamwekea uzi mwembamba wa fedha chini ya kope, uzi ambao huisikiliza retina na kuchora inachosema kwenye kioo cha mashine. Alikuwa na hamu ya kumaliza. Alikuwa pia na hofu, na hofu hiyo hakumwambia mtu.

Stara ilikuwa kazi yake. Ndani ya seli za jicho mna kipokezi kinachoitwa rodopsini. Mwanga ukikigusa, hujikunjua na kuanza kupiga kelele: mwanga, mwanga. Kisiponyamazishwa kitapiga kelele hata baada ya mwanga kuondoka, na mtu ataona mwako usiokuwapo. Kwa hiyo kimeng'enya huja kukibandika fosfeti mkiani, moja baada ya nyingine, kisha huja protini ya kunyamazisha, arestini. Arestini ya kawaida ni kama mama anayesimama mlangoni kwenye arusi. Hampokei mgeni mpaka aone mambo mawili, kadi mkononi na sare mwilini. Fosfeti ndizo kadi, na huzitaka kama tatu. Umbo lililojikunjua kwa mwanga ndilo sare. Ikiviona vyote, hukikumbatia kipokezi na kelele hukoma.

Zuwena alimharakisha mama huyo. Aliibadili ile sehemu ya arestini inayozihesabu fosfeti, ikawa inaridhika na moja tu, na ikishika inashika kwelikweli. Vioo vilipowaka, macho ya watu yalinyamaza kabla hayajaungua. Kabla ya Stara, Viooni ilikuwa ikizalisha vipofu kila mwaka, na baba yake Zuwena alikuwa mmoja wao. Ndiyo maana watu walimwamkia barabarani kwa heshima ambayo hata Maalim hakuipata.

Sasa kama jicho la Shaame limeona mwezi usiokuwapo, maana yake arestini ndani ya jicho hilo imeshindwa kushika. Na ikishindwa kwa mmoja huenda inashindwa kwa wengi. Baada ya Idi, Taasisi ilikuwa ianze kuwachoma watoto wote wa shule. Raya alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kwa sababu mama yake mwenyewe alitaka wazazi wengine waone asivyo na wasiwasi.

"Usipepese," alisema, akawasha mmweko mkali.

Mstari uliruka juu, kisha ukaanza kushuka. Zuwena alingoja auone mkia, ile kelele isiyokwisha aliyoiogopa. Haukuwapo. Jicho lilinyamaza kabisa. Lakini lilinyamaza polepole, taratibu, na kabla hajahesabu pumzi mbili lilikuwa tayari kuona tena. Jicho la Stara halifanyi hivyo. Jicho la Stara hukatika ghafla kama redio iliyochomolewa.

Aliurudia mmweko. Jibu likawa lile lile.

"Vipi, Dakta? Mbona umekunja uso?"

"Nyamaza kwanza." Alizima taa ya chumba, akawasha taa ndogo inayotupa punje ya mwanga ukutani, hafifu kiasi cha mwezi mwandamo. "Ukutani patatokea nukta. Niambie iko wapi."

"Kushoto juu," Shaame alisema.

Zuwena aliangalia kushoto juu. Giza tupu. Akaangalia kidude mkononi mwake, kinachomwonyesha punje iko wapi. Kushoto juu.

"Sasa?"

"Imehamia chini, karibu na mkeka mwekundu. Sasa katikati. Katikati mara ya kwanza, katikati mara ya pili, nani zaidi?" Dalali alikuwa ameanza kujifurahisha.

Kila alilotaja lilikuwa sawa. Zuwena alimshuku. Huenda anausikia mlio wa swichi, huenda anakiona kidude kikimulika kiganjani. Alikificha kidude ndani ya ushungi, akaiacha mashine irushe punje yenyewe, ovyo ovyo, kimya. Shaame aliendelea kunadi pembe za chumba bila kukosea hata moja. Zuwena akaenda hadi ukutani, akapeleka uso wake karibu mpaka akasikia harufu ya chokaa. Hakuona kitu. Taa imekufa, aliwaza. Lakini taa iliyokufa haiwezi kuonwa na mtu mwingine.

Aliwasha taa ya chumba.

"Shaame, hujachomwa Stara wewe."

Mdomo uliozoea kunadi ukabaki wazi. Shaame alitazama mlango, akatazama dirisha, kama mtu anayepima lipi liko karibu.

"Nani kakwambia?"

"Jicho lako. Hilo ni jicho alilokupa Mungu, hakuna mkono wangu humo."

"Dakta, nisitiri," alisema kwa sauti ya chini. "Niliingia, wallahi niliingia. Nikatia dole gumba kwenye kioo chao, nikaandikishwa. Halafu nikaiona ile sindano, na nikaambiwa inaingia jichoni. Jichoni, dada yangu! Nikaomba kwenda chooni. Choo kilikuwa na dirisha."

Siku nyingine Zuwena angecheka mpaka akae chini. Mwanamume ambaye sauti yake hutisha mnada mzima alitokea dirishani kwa kuogopa sindano. Lakini bila Stara mtu mzima hana kibali cha kukaa Viooni, na mwenye kibali cha uongo hutolewa mji na familia yake. Kumbe kile kilemba cha puani, kule kuchelewa kila jioni, zile hadithi za shingo kuuma anapoambiwa aje kulisindikiza jua, vyote vilikuwa mwavuli.

"Kwa hiyo sote tulikuwa tunalitazama jua," alisema, zaidi kujisemea, "na wewe ulikuwa umejifunika."

"Lingenipofua."

Zuwena alikaa kwenye kigoda chake. Aliuchukua ule uzi, akabadilisha ncha, akajiwekea chini ya kope yake mwenyewe. Aliiruhusu mashine itupe punje ukutani na akautazama mstari wa jicho lake.

Mstari ulilala. Haukuinuka hata unywele. Aliongeza mwanga kidogo, ukalala. Akaongeza tena, na hapo ndipo ulipojikongoja.

Akaelewa, na kuelewa kulimtia baridi. Arestini yake haikushindwa kushika. Ilishindwa kuachia. Ikishakula mwanga wa jua linalozama, hubaki imekumbatia vipokezi kwa muda mrefu, na kile kinachobahatika kuamshwa na mwanga hafifu kinakumbatiwa kabla hakijasema neno, maana kadi moja tu inatosha. Hakuna aliyegundua kwa sababu Viooni hakuna giza. Taa za barabarani huwaka kabla jua halijazama, umeme ni wa bure, na katika majaribio yote Zuwena alipima mwanga mkali tu, kwa kuwa mwanga mkali ndio uliokuwa ukiwaua. Hakuwahi kujiuliza nani atahitaji kuona kitu hafifu.

*

Mlango uligongwa na Bwana Twalib akaingia kabla hajakaribishwa. Zuwena alikuwa amezima taa tena, Twalib aliuacha mlango nusu wazi, mwanga wa ngazini ukiingia, na mashine ilikuwa ingali ikirusha punje yake ukutani.

"Dakta, watu wanangoja," Twalib alisema. "Na wana njaa ya jibu kuliko ya futari. Umepata nini?"

"Bado naangalia."

"Cha kuangalia ni nini? Mtu mmoja kaona, arobaini hawakuona. Huyo mmoja ndiye huyu." Alimgeukia Shaame kwa tabasamu. "Usinichukie, bwana, lakini mji unakujua. Sema tu, Dakta, kwamba jicho lina mashaka. Watafunga siku moja zaidi, hakuna aliyekufa kwa siku moja ya saumu."

Zuwena alikuwa akiyatazama macho yake. Twalib alikuwa akizungumza naye, lakini kila baada ya maneno machache macho yake yaliruka. Kushoto juu. Chini, karibu na mkeka mwekundu. Katikati. Zuwena aliufunua ushungi kidogo, taratibu, akakichungulia kidude.

Katikati.

Mtu anayeona nukta inarukaruka ukutani hawezi kuyazuia macho yake, kama asivyoweza kuzuia kope nzi akipita. Shaame naye aliona. Alimtazama Zuwena, akafumba mdomo kwa nguvu zake zote, na kwa Shaame hiyo ilikuwa kazi.

"Mkurugenzi," Zuwena alisema, "wewe ulichomwa lini?"

Macho ya Twalib yakasimama. "Swali gani hilo? Siku ile ile, na viongozi wote."

"Nani alikuchoma?"

"Zuwena." Aliufunga mlango nyuma yake. Sauti yake ilikuwa haina ukali, na hilo lilimtisha zaidi. "Sikiliza. Stara imeokoa macho ya watu hawa. Baba yako alikuwa akishikwa mkono kwenda msikitini, umesahau? Ukitoka nje ukasema imeharibika, kesho watu watakimbia sindano, na kesho kutwa vioo vitawapofua. Na jina lililo juu yake si langu. Ni lako."

"Ulijua?"

"Nilikuwa na wasiwasi. Wasiwasi si kujua. Nilitaka kungoja kidogo, nione watu wanaendeleaje, kisha nami nichomwe. Siku zikapita." Alivua miwani, akaivaa tena. "Macho yangu ni yangu, nadhani."

"Na ya watoto?"

Twalib alifungua mlango. "Mashaka tu, Dakta. Neno moja. Kamati itashukuru."

Alipotoka, Shaame alijifuta jasho kwa ncha ya kilemba. "Sema sikuona," alisema.

"Nini?"

"Sema Shaame mwongo. Nani atashangaa? Mimi nitarudi kwenye samaki wangu, nawe utabaki na jina lako, na wanangu watabaki na nyumba. Nilipouona ule mwezi nilisahau nafsi yangu, basi. Nilifurahi. Ningekumbuka, ningenyamaza."

Zuwena alimtazama mtu huyu ambaye mji mzima ulimwita mwongo, anaomba aitwe mwongo kwa jambo pekee la kweli alilolisema mbele za watu. Na jambo baya ni kwamba ombi lenyewe lilikuwa na akili. Akisema neno moja tu, mashaka, kila mtu atalala kwake. Twalib alisema kweli kuhusu vioo. Alisema kweli kuhusu baba yake. Hata kuhusu jina alisema kweli, na Zuwena aliona aibu kwa jinsi hilo la jina lilivyomuuma kuliko mengine yote.

Kupitia dirisha dogo la stoo kelele za watoto ziliingia. Makopo yaligongwa. "Mwezi! Mwezi ule!"

Akasimama. Alikuwa amezisikia kelele hizo tangu mwanzo, kama walivyozisikia watu wote, na kama watu wote alidhani wanacheza.

*

Paani watu walikuwa wamekaa vikundi vikundi, kila kikundi na dhana yake. Taa za barabarani zilikuwa zimekwisha kuwaka. Maalim Faki aliinuka.

"Haya, binti yangu. Jicho la Shaame lina nini?"

"Halina kitu, Maalim. Ni zima. Yenye kasoro ni yetu sisi."

Mtu mmoja aliguna, mwingine akasema astaghfirullah. Zuwena aliendelea kabla ulimi haujamwia mzito. Alisema protini aliyoitengeneza inashika mno na kuachia kwa kuchelewa, kwamba mtu aliyechomwa Stara akilitazama jua likizama hawezi kuona kitu hafifu mpaka muda mrefu upite, na kwamba huko kulisindikiza jua ndiko kulikowafunga macho kwa mwezi. Kosa, alisema, ni lake.

"Mbona yeye kauona?" mjumbe mmoja aliuliza, akimwonyesha Shaame kwa kidevu. "Yeye hakuchomwa?"

Zuwena alimtazama Shaame. Kila neno la kweli lilikuwa linamtoa Shaame mji.

Shaame mwenyewe akasogea mbele. "Sikuchomwa," alisema kwa ile sauti yake ya mnadani. "Niliona sindano nikatoka kwa dirisha la choo, nikaangukia jalala la Taasisi, paka watatu wakanifukuza mpaka sokoni!"

Paa zima likaangua kicheko. Watu walishikana mabega. "Chumvi huyo! Paka watatu!" Hakuna aliyemwamini hata kidogo, na Shaame alisimama katikati yao, uso umemwiva, hajui ashukuru au alie. Paka hawakuwapo, bila shaka. Lakini ndio waliomwokoa.

Mmoja tu hakucheka. Twalib alikuwa kando ya tangi la maji akimtazama Shaame kwa makini, kama mtu anayeweka jambo akibani.

Maalim Faki aliwanyamazisha. "Daktari anasema jicho ni zima, nami napokea. Lakini mwezi wa Idi hauthibiti kwa shahidi mmoja. Wanatakiwa wawili, watu wazima, na watoto wa barabarani si mashahidi. Kama hakuna wa pili, tutakamilisha thelathini na Mungu atusamehe."

"Wa pili yupo," Zuwena alisema.

Hakupaza sauti. Alimgeukia Twalib, na watu wakamgeukia pamoja naye.

"Maalim, muulize Mkurugenzi kama ameuona mwezi. Lakini muulize kwa kiapo."

Twalib alitabasamu, kisha tabasamu likakosa mahali pa kukaa. Maalim Faki alimtazama Zuwena, akamtazama Twalib, na katika uso wake mpole kitu kikakaza. Alichukua msahafu kwenye marufaa, akausogeza karibu na mkono wa Mkurugenzi.

"Bwana Twalib. Umefunga leo?"

"Nimefunga, Maalim."

"Basi weka mkono."

Twalib aliangalia msahafu. Mtu anaweza kudanganya mji, akadanganya foleni ya watoto, na usiku akalala. Lakini Twalib alikuwa amelelewa na bibi yake kwenye chuo cha Kurani, mwezi wote huu alikuwa safu ya mbele kwenye tarawehe, na kiu ya siku ishirini na tisa ilikuwa ingali mdomoni mwake. Mkono uliinuka, ukasita hewani, ukatua.

"Wallahi," alisema, na sauti ilikuwa kavu, "nimeuona. Juu ya mnara wa tatu. Pembe zimelalia kushoto."

Takbiri ilianza kwa mtu mmoja, ikapokewa na paa zima, ikateremka barabarani na kugongana na makopo ya watoto. Lakini katikati ya takbiri watu walikuwa wakimtazama Twalib, na mmoja baada ya mwingine alianza kufanya hesabu yake kimya kimya. Kama aliuona, jicho lake ni la namna gani? Twalib aliuvuta mkono wake na kuelekea kwenye ngazi. Alipompita Shaame aliinama kidogo, akasema jambo ambalo Zuwena hakulisikia.

"Kasemaje?"

"Kaniuliza dirisha la choo lilikuwa la upande gani," Shaame alisema. Hakuwa akicheka. "Dakta, nadhani huyo kaniamini."

"Na aamini. Akigusa kibali chako, itabidi aonyeshe cha kwake."

Maalim Faki alikuwa ameshika kipaza sauti tayari kuutangazia mji Idi. Zuwena alikiomba baada yake. Alisema maneno machache na hakuyapamba. Idi ni kesho. Mtu asilitazame tena jua likizama. Na baada ya sikukuu hakuna mtoto atakayeingia Taasisi kuchomwa Stara mpaka dawa ipimwe upya, wala binti yake, wala wa mtu mwingine. Alisikia jina lake likirudi kutoka kwenye kuta za mji, na akajua kwamba kesho asubuhi, kati ya bilauri za shurbati, litatajwa kwa namna nyingine.

Raya alipanda ngazi akihema, kopo mkononi, miguu imejaa vumbi.

"Mama! Tuliwaambia! Tuliwaambia tangu zamani hamtaki kusikia!"

"Ndiyo, mlituambia."

"Utaondoka sasa hivi, unakaribia kuzama. Ule pale. Unauona?"

Zuwena alichuchumaa, akaweka shavu lake karibu na shavu la mtoto, akakifuata kidole kidogo kile mpaka mwisho wa ukucha na kuendelea. Aliona anga, aliona ncha ya mnara. Alisubiri. Mama yeyote angesema ndiyo, na yeye mwenyewe amekwisha kusema ndiyo mara nyingi kwa mambo madogo kuliko hilo.

"Siuoni, mwanangu," alisema. "Niambie ulivyo."

Raya alimshangaa kidogo. Kisha aliweka kopo chini, akamshika mama yake kidevu ili amwelekeze vizuri, akaanza kumweleza.